Mkeka, Mto na Pedali ya Breki

Mke wangu ni mfupi. Nalisema hili mapema, tena kwa idhini yake, kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa jinsi sentimita chache za pedali ya breki zilivyokaribia kutunyang'anya wikendi zetu mwanzoni mwa mwaka 2013.

Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya upili mjini Lodwar. Yeye alikuwa muuguzi Kakuma, mwendo wa kilomita mia na ushei kwa barabara ambayo lami yake ilikuwa imebaki visiwa visiwa. Tangu tuoane tulikuwa tukionana mara moja kwa mwezi, pale alipopata lori lenye nafasi kwenye kebini na dereva asiyevuta sigara. Akifika, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na siku ya kwanza yote iliishia kwenye kuoga na kulala. Siku ya pili tuliitumia kutafuta lori la kumrudisha.

Halafu, mwishoni mwa 2012, akanunua gari.

Sikuombwa ushauri. Mkandarasi mmoja aliyemaliza kazi yake Kakuma alikuwa anarudi "Kenya", kama tunavyouita huku upande wote ulioko ng'ambo ya milima, na hakutaka kurudi na gari lake. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lenye gia za kujibadilisha zenyewe, na chini kiasi kwamba mbuzi akisimama kando yake walitazamana na dereva jicho kwa jicho. Nilipoliona mara ya kwanza chini ya mwarobaini wetu, nilimwuliza mke wangu kama sehemu ya juu ingeletwa baadaye.

"Mwalimu," akanijibu. Ndivyo anavyoniita akitaka kunikumbusha kwamba hatuko darasani. "Hili litanifikisha kwako kila Ijumaa. Nitajie lori linalofanya hivyo."

Mimi mwenyewe sikujua kuendesha, na mpaka leo sijui. Nilichojua ni kwa nini gari linakwenda, na nilimweleza mara nyingi, naye alinisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa anayejua jina la ugonjwa wake.

Alivuta kiti mbele mpaka kikakataa, kisha akatia mto mgongoni ili miguu ifike. Ulikuwa mto wa kitenge cha njano, na haukupita muda mji mzima ukaujua. Jirani yetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mrefu aliyetoka nyanda za juu na kuzoea joto la Lodwar kwa kulilalamikia kila siku, alimwita "sista wa mto". Jirani huyu alilipenda gari lile kuliko alivyoweza kuficha. Kila alipopita alipiga bodi kofi moja la upole, kama mtu anayekagua fahali mnadani.

"Mwalimu, hii gari mkichoka nayo, mlango wangu ni ule pale."

"Hatujachoka."

"Sijasema leo."

Basi zikaja Ijumaa kadhaa za raha, na mke wangu akawa anafika akiwa bado ana nguvu za kunicheka. Mpaka Ijumaa moja akafika akisimulia habari za ngamia. Ngamia huyo alikuwa ametokea nyuma ya vichaka vya mathenge, karibu kabisa na Kakuma, akasimama katikati ya barabara na kuanza kuwaza. Breki zilishika, lakini shingo upande, na gari likasimama huku pua yake ikiwa chini ya tumbo la ngamia. Mwenye ngamia akaja bila haraka, akainama dirishani, akamsalimia, "Ejok?" Naye akajibu, "Ejok." Ngamia akaondolewa, safari ikaendelea. Mke wangu alikiona kisa hicho kichekesho. Mimi sikulala vizuri.

Sasa, mkandarasi yule alikuwa ameacha sanduku la mbao kwenye buti. Ndani yake mlikuwa na breki za mbele za toleo kubwa zaidi la gari lilelile, ambazo alikusudia kuzifunga asipate nafasi: diski mbili pana, kalipa mbili nene, yaani vile vishikio vinavyoibana diski, za pistoni nne nne, pedi zake, na chini kabisa, ndani ya gazeti, kitu ambacho nilikitazama mara moja na kukirudisha. Nikaamua kwamba Jumamosi itakayofuata nitazifunga mwenyewe. Kufungua na kufunga bolti nilikujua vizuri. Baba yangu alikuwa fundi wa pampu za maji.

Jumamosi hiyo nilianza kazi asubuhi upande wa magharibi wa nyumba, kwenye kivuli. Nilitandika mkeka mbele ya gari na kuzipanga kalipa mpya juu yake kwa utaratibu: ya gurudumu la kulia upande huu, ya kushoto upande ule. Nilimwita mke wangu aje aone jinsi mtu mwenye utaratibu asivyohitaji kuandika alama.

Ukiwa hujaishi Lodwar huenda hujui kwamba huko kazi hufanywa na watu wawili, mtu na kivuli, na kivuli ndicho msimamizi. Kikihama, unahama. Kufikia saa sita mchana kilikuwa kimetutoka, nasi tukalisukuma gari mpaka upande wa mashariki wa nyumba, likiingia kinyumenyume. Mkeka nikauburuta mimi mwenyewe, pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake. Nakumbuka hata nilijisifu kwamba hakuna kilichoanguka.

Jioni breki mpya zilikuwa mahali pake, zinang'aa nyuma ya rimu. Ikabaki kutoa hewa. Kazi hii ni ya watu wawili na ni rahisi, lakini inahitaji subira. Mmoja anakaa ndani na kukanyaga pedali mara tatu nne, kisha anaishikilia chini. Mwingine yuko kwenye gurudumu. Anafungua skrubu ndogo iliyo kwenye kalipa, oili ya breki inatoka pamoja na mapovu ya hewa, anaifunga, kisha mwenzake anaachia. Mnarudia mpaka oili itoke safi bila povu. Hewa ndiyo adui hapa. Oili haikubali kubanwa. Ukiisukuma upande mmoja inasukuma upande wa pili. Hewa hubanwa kama mto, na mguu wako unaishia kuubana mto badala ya kusimamisha gari.

"Kanyaga," nilisema. "Tena. Tena. Shika."

"Nimeshika."

"Achia."

"Mwalimu, nimeteleza."

Nikainuka kutazama. Alikuwa ameifuata pedali mpaka chini, na kiti amekiacha nyuma. Kichwa chake kilikuwa chini ya usukani na mto wa njano umebaki peke yake kitini, kama abiria aliyelipa nauli.

Nilichukua rula ya shule nikapima. Kwa breki za zamani pedali ilikuwa inashuka sentimita nne hivi kabla ya kushika. Sasa ilikuwa inashuka kumi. Ukiikanyaga mara mbili kwa haraka ilipanda kidogo, kisha ikazama tena. Tulirudia kutoa hewa mpaka chupa ya oili ikaisha, na rula haikubadilisha neno lake.

Jumapili akalizungusha gari uwanjani mara moja, polepole. Liliposimama, lilisimama kwelikweli. Breki zenyewe zilikuwa kali kuliko zile za kwanza. Lakini ili kuzifikia ilimbidi anyooke kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda, na akiwa hivyo haoni barabara.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akajifuta mikono, akasema, "Sikia. Nilikuwa na gari linalosimama nikiwa nimekaa. Sasa nina gari linalosimama nikiwa nimelala. Nikirudi Ijumaa halijakuwa sawa, namwuzia jirani. Siendi kwenye ile barabara na ngamia wake nikiwa nimenyooka namna hii."

"Na wikendi?"

"Tutaonana mwisho wa mwezi. Kama zamani."

Jumatatu alfajiri alipanda lori la kwenda Kakuma. Nilimwona akipandishwa kebini kwa kushikwa mkono, maana ngazi ya lori nayo ilikuwa juu kuliko urefu wake, na nikarudi nyumbani nikiwa na siku tano na rula.

Nilikuwa nahitaji mtu wa kukanyaga. Aliyejitolea ni jirani. Alikuja jioni baada ya kufunga duka, akakirudisha kiti nyuma mpaka mwisho, akautupa mto wa njano huko nyuma, akakunja miguu yake mirefu na kukanyaga.

"Mbona iko sawa?" akasema. "Mimi nafikia bila shida."

"Wewe ungefikia ukiwa umekaa kwenye buti."

"Hiyo ndiyo maana nakwambia hii gari ilinunuliwa na mtu asiye saizi yake."

Lakini alikanyaga kwa uaminifu, jioni mbili nzima, akishika niliposema shika na kuachia niliposema achia. Nikamaliza chupa nyingine ya oili. Povu lilikuwa limekwisha kabisa, na pedali ilikuwa bado inazama. Nikajaribu kurefusha kile kijiti kinachounganisha pedali na pampu, ili pedali ianze kushika mapema. Ikapanda, nami nikafurahi kwa muda wa robo saa. Tulipolisukuma gari halikwenda: nilikuwa nimekirefusha kupita kiasi, na breki zilikuwa zimeshika bila kukanyagwa. Nikakirudisha. Nalitaja kosa hilo makusudi, kwa ajili ya yeyote atakayefikiri njia hiyo ni ya mkato. Pengo dogo kati ya kijiti na pampu lina kazi yake, usiliue.

Jumatano nikampigia mke wangu simu. Alikuwa amepita kwa fundi mmoja pale Kakuma, Mkongomani aliyekuwa akitengeneza magari karibu na soko, na alikuwa amesimama naye.

"Fundi anauliza, ulibadilisha na masta?"

Masta ndiyo pampu yenyewe, ile silinda ambayo pedali huisukuma.

"Hapana. Mwambie masta iko sawa, haivuji."

Nikasikia wakinong'onezana, kisha kicheko.

"Anasema, Mwalimu, si kuvuja. Anasema umemletea baba mkubwa mezani na unampakulia kwa kijiko cha mtoto."

Bila shaka. Kalipa za zamani zilikuwa na pistoni moja. Mpya zina nne. Pistoni nyingi zinataka oili nyingi ili zisogee. Ili masta ileile ndogo iisukume oili hiyo yote, ni lazima pedali isafiri mbali. Hilo ni somo la kidato cha tatu, nami nilikuwa nimelifundisha muhula uliopita.

"Mwulize masta kubwa nitaipata wapi."

Wakanong'onezana tena.

"Anauliza, mtu aliyeacha breki hizo hakuacha na yake?"

Nikaenda kwenye sanduku. Ndani ya lile gazeti mlikuwa na masta, tundu lake likiwa pana kuliko la zamani kwa unene wa njiti ya kiberiti na zaidi kidogo. Nilikuwa nimeichukulia kuwa spea ya ileile iliyomo.

Alhamisi niliifunga, jirani akakanyaga, na rula ikasoma saba. Ilikuwa nafuu, lakini haikuwa dawa. Na pedali ilikuwa bado laini, yenye tabia ya mto, ikipanda ukiikanyaga mara mbili. Dalili zote zilikuwa za hewa, na hewa nilikuwa nimekwisha kuitoa, kwa ushahidi wa chupa tatu tupu.

"Mwalimu," jirani akasema akijikunjua kutoka garini, "mimi si mtu wa kuombea mtu mabaya. Lakini kesho ni Ijumaa."

Mke wangu alishuka kwenye lori Ijumaa jioni, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, kama zamani. Akaikanyaga pedali akiwa na mfuko wake bado begani. Akaikanyaga mara ya pili. "Imepanda kidogo," akasema kwa sauti anayowapa wagonjwa ambao hawajapona, akaenda kuoga.

Jumamosi asubuhi nilitaka angalau aelewe kabla hajauza. Ndiyo maradhi yangu: kitu kikinishinda, nakieleza. Nilimwomba mabomba mawili ya sindano aliyokuwa nayo kwenye mkoba wake, moja jembamba na moja nene, yasiyo na sindano, pamoja na kipande cha mpira wa dripu. Nikayaunganisha na kuyajaza maji. "Ona," nikasema, "hili jembamba ni masta ya zamani. Nalisukuma lote, na hili nene linasogea kidogo tu. Ndivyo pedali ilivyokuwa inazama. Sasa masta ikiwa nene..."

"Una hewa humo," akasema.

"Kidogo tu, haidhuru. Sasa masta ikiwa nene..."

"Mwalimu, lete." Akaninyang'anya lile bomba nene, akauchomoa mpira, akaliinua mdomo juu, akaligonga kwa ukucha mara mbili. Kipovu kikapanda mpaka mdomoni. Akasukuma, kikatoka. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu anayefunga kifungo. "Hewa inatoka juu. Ukilishika mdomo chini utasukuma maji yote yaishe, na povu litabaki limekaa huko juu linakuangalia."

Nikamwambia hilo linajulikana.

"Basi nionyeshe mdomo wa ile breki yako."

Tulienda, tukachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Yeye hakuhitaji kuchuchumaa sana. Nikamwonyesha skrubu ya kutolea hewa. Ilikuwa chini kabisa ya kalipa, inaelekea mchangani. Tukaenda gurudumu la pili. Nayo ilikuwa chini. Nikakumbuka kwamba wiki nzima nilikuwa nimefurahia jinsi ilivyo rahisi kuifikia nikiwa nimelala ubavu.

"Ilitengenezwa ielekee chini?" akauliza, na nikajua kwa upole wa swali kwamba jibu alikuwa nalo.

Kalipa hazikuwa na kosa. Skrubu hukaa juu, daima, kwa sababu ileile aliyonieleza na bomba la sindano. Lakini ukiifunga kalipa ya kulia upande wa kushoto, inageuka juu chini, na skrubu inaishia chini. Bolti hazikatai. Oili safi ilikuwa ikitoka kwa chini chupa baada ya chupa, na hewa ilikuwa imekaa huko juu ikituangalia.

"Lakini nilizipanga," nikasema. "Kwenye mkeka. Kulia huku, kushoto huku. Wewe mwenyewe uliona."

"Niliona. Halafu kivuli kikahama."

Gari lilikuwa limeingia kinyumenyume upande wa mashariki, pua ikiwa imeelekea kule ilikokuwa imeelekea asubuhi. Mkeka nilikuwa nimeushika ncha iliyo karibu nami na kuuburuta kuizunguka nyumba, nao ukaja kama unavyokuja mkeka wowote unaoburutwa: mbele yake ikawa nyuma. Kulia kwangu kulikuwa kumekwenda kushoto bila kuniaga.

"Nani aliuburuta mkeka?" mke wangu akauliza.

"Unajua ni nani."

"Nataka tu iandikwe."

Tulizibadilisha kabla ya saa tano, na safari hii hapakuwa na mkeka. Kila kalipa ilitoka mkononi mwake kuja mkononi mwangu, naye akiitaja upande wake kwa sauti kama anayetoa dawa wodini. Skrubu zikatazama juu. Akaingia ndani, akaegemea mto wake.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shika."

Nilipofungua, kalipa ilikohoa. Povu moja refu, kisha jingine, kisha vipovu vidogo kama vya uji unaoanza kuchemka, kisha oili tupu. Upande wa pili nao ukakohoa. Niliporudi na rula, alikuwa amekaa wima, macho juu ya usukani, na pedali chini ya mguu wake imesimama kama jiwe.

"Ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Pima tena. Nakujua."

Nikapima tena. Tatu. Ilikuwa pungufu ya ilivyokuwa mwanzo, kabla sijagusa chochote.

Alilizungusha gari uwanjani, akasimama. Akaongeza mwendo, akasimama. Akalipeleka mpaka barabarani na kurudi kwa kasi ambayo sikuiomba, akasimama mbele yangu karibu kuliko nilivyopenda. Jirani alikuwa ametoka dukani kutazama. Alikuja, akapiga bodi lile kofi lake, akaingiza mkono dirishani na kuibonyeza pedali kwa kiganja.

"Imefika juu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa kwa mbali, lakini alikuwa anatabasamu. "Sista, sasa mimi nikiingia humo magoti yatanifika kidevuni."

"Ndiyo, kaka. Hili sasa ni la watu wafupi."

Jumapili alikataa kwenda peke yake. Alisema mimi ndiye niliyefunga, basi mimi ndiye nitakayekaa mbele, halafu Jumatatu nitafute lori la kunirudisha Lodwar nijue ladha yake. Nikapanda. Alipokuwa anajipanga alivuta kiti, akajaribu pedali, akawaza kidogo. Kisha akautoa mto wa njano mgongoni mwake. Hakuuhitaji tena. Akanipa.

"Weka chini yako," akasema. "Barabara ni mbaya, na wewe ndiye abiria."

Karibu na Kakuma, palepale kwenye mathenge, akanionyesha alipotokea ngamia. Hapakuwa na ngamia siku hiyo. Hata hivyo akakanyaga breki, kwa ajili yangu tu, nami nikagundua kwamba mguu wangu ulikuwa umekanyaga kwa nguvu zote mahali pasipo na pedali.

"Mwalimu," akasema akiachia polepole, "hiyo yako inashuka sentimita ngapi?"